Wahida na Mashine Iliyotazama Bahari

Wahida Aiuba alikuwa ameshika kipaza sauti mbele za watu mara nyingi kuliko viongozi wengi wa wilaya yake, lakini mpaka anafikisha miaka arobaini na minne alikuwa hajawahi kusema hadharani neno lililo lake. Alikuwa mkalimani. Aliyoyasema yalikuwa maneno ya madaktari, ya wakuu wa mashirika, ya akina mama waliotaka kujua majina ya watoto wao yameandikwa kwenye orodha ipi. Yalipita kwake yakaenda zake, naye akarudi nyumbani sauti imemkauka.

Ukalimani haukuwa kazi aliyosomea. Alizaliwa Quiterajo, kijiji cha pwani ya Cabo Delgado, binti wa marehemu mzee Aiuba, aliyekuwa akikausha samaki na kuwapeleka Mocímboa da Praia kuuza. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, samaki wakakosa jua, na baba yake akachimba shimo kwenye mchanga akawafukia wote. Wahida alimsaidia kuchimba. Alikuwa ameshaona jokofu kwenye duka moja mjini, akamuuliza baba yake lile sanduku linapata wapi baridi. Mzee akajibu kwamba ni umeme. Mtoto akasema umeme wa balbu unachoma, iweje huu ugandishe? Mzee Aiuba hakumkaripia. Mwaka uliofuata alimpeleka kwa shangazi yake Mocímboa akaendelee na shule.

Kutoka hapo alifika shule ya ufundi Pemba, darasa la *frio*, yaani ufundi wa majokofu na vyumba vya baridi. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja, msichana akiwa yeye peke yake. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia kwa upole kwamba darasa la ushonaji ni mlango wa pili. Wahida akasema ameusoma ule mlango wa pili, ndiyo maana ameingia huu. Miaka mitatu baadaye alitoka wa nne kwa alama.

Kazi aliyoipata ilikuwa kwenye ghala moja la kugandishia samaki karibu na bandari ya Mocímboa. Hawakumwajiri kama fundi. Walimwajiri kama karani wa kuandika daftari la joto: kila baada ya saa mbili asome kipimo, aandike. Mwaka wa pili fundi wa ghala alihamia Nampula, na mwingine hakuletwa. Mashine ilipokoroma Wahida aliweka kalamu chini, akachukua spana. Alifanya hivyo miaka yote iliyobaki hadi ikatimia tisa, akibadilisha feni, akijaza gesi, akiunga mabomba ya shaba kwa moto, na kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ikaendelea kumwita karani.

Kisha ukaja ule mwaka wa mashambulizi, ambao watu wa Mocímboa hawapendi kuusimulia. Wahida, mumewe Amido aliyekuwa fundi baiskeli, na watoto wao wawili waliondoka na walichoweza kubeba, wakafika Pemba baada ya siku sita. Kwenye kituo walikopokelewa alimkuta muuguzi akijaribu kumuuliza bibi mmoja anaumwa wapi. Muuguzi alijua Kireno tu, bibi alijua Kimwani, lugha ya pwani ile, na Kiswahili. Wahida alisogea akasaidia. Kesho yake walimtafuta tena, na juma lililofuata shirika moja likampa kitambulisho na fulana. Alifundishwa sheria ya kazi hiyo kwa dakika tano: mkalimani haongezi, hapunguzi, hana maoni. Mgonjwa akisema "mimi ninaumwa", mkalimani naye anasema "mimi ninaumwa". Kwa miaka mitatu Wahida alitamka "mimi" maelfu ya mara, na hata moja haikuwa yake.

Waliporudi Mocímboa, ghala lilikuwa kuta tupu. Amido alifungua kibanda cha baiskeli, na upande mmoja wa kibanda hicho Wahida akaanza kutengeneza friji na friza za watu. Kazi ilikuwepo. Jina lake likaanza kujulikana mitaani, hasa kwa akina mama wa samaki, ambao friza ikiwaharibikia asubuhi hupoteza mali jioni.

Hapo ndipo alipopigiwa simu na Isabel. Isabel alikuwa injinia wa umeme, mwenyeji wa uwanda wa Mueda, na alikuwa akiongoza tawi la Cabo Delgado la chama cha waliosoma uinjinia katika chuo kimoja kikuu cha Maputo. Kila mwaka chama hicho hufanya siku ya mazungumzo ya teknolojia: mainjinia wanaeleza miradi yao, wafanyabiashara wanasikiliza, watu wanabadilishana namba. Siku zote hufanyika Maputo, na mara moja tu ilifika Pemba. Isabel alikuwa amepigania mwaka mzima ifanyike Palma. Wenzake walikubali kwa sharti moja, kwamba ukumbi usije ukajaa wao wenyewe kwa wenyewe. Basi aliwaalika wachomeleaji, wenye mashine za kusaga, wauza samaki, wenye boti za injini. Wengi wao Kireno chao kiliishia kwenye salamu na bei. Isabel alihitaji mkalimani, na watu wa mashirika Pemba walimpa jina moja.

Wahida alikubali, lakini aliomba apelekewe picha na maelezo ya wazungumzaji mapema. Yalikuja kwenye simu yake, kurasa themanini na kitu. Wiki nzima alitembea nayo. Alijua kila kitu kilichoandikwa mle kinafanya nini, tabu ilikuwa kukisema. Palikuwa na neno moja la Kireno lililorudiwa karibu kila ukurasa, la mashine inayotumia nguvu ndogo ikafanya kazi kubwa. Amido alimwambia redio za Tanzania husema "ufanisi". Wahida alilipeleka neno hilo sokoni kulijaribu kwa wauza samaki wawili, na mmoja wao akauliza huyo Ufanisi ni mtoto wa nani. Akalifuta. Akaandika: mashine isiyokula sana. Zile kuta nene za kuzuia joto lisiingie akaziita koti la chumba. Alipomaliza alikuwa na daftari dogo la maneno mia na ishirini, kila moja limeshapita sokoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Ukumbi wa Palma ulikuwa na viti mia mbili, na vikajaa. Mlangoni kila mtu alivishwa beji shingoni: jina, fani aliyosomea, mwaka aliomaliza chuo. Wafanyabiashara waliandikiwa jina na biashara. Beji ya Wahida haikuwa na jina, iliandikwa *Tradução* tu, tafsiri. Hakuona ajabu. Alijifunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akasimama pembeni ya jukwaa, akaanza kazi.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko Isabel alivyotarajia. Injinia mmoja alieleza jinsi ya kupima maji ya kisima, mwingine akaeleza simu zinavyoweza kutumika kujua bei ya samaki Pemba kabla ya kusafiri. Wahida alisimama kati, akiyachukua maneno upande mmoja na kuyashusha upande wa pili, na watu wa viti vya nyuma, ambao Isabel aliogopa wangesinzia, walikuwa wameegemea mbele. Aliposema "koti la chumba" mzee mmoja alimgeukia jirani yake akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kabla ya chakula, ratiba ilikuwa na kipindi chenye jina la Kiingereza lililoandikwa ndani ya Kireno. Wahida hakuwa na neno hilo kwenye daftari. Alilitazama kidogo, akasema kwenye kipaza sauti, "Sasa ni saa ya kujuana." Watu wakainuka mara moja.

Kujuana kwenyewe kulimtoa jasho. Mainjinia walikuwa na kadi, wafanyabiashara waliandika namba nyuma ya ratiba, na kila wawili waliotaka kuzungumza walimhitaji yeye. Nurdine, mwenye mashine ya kusaga mahindi kule Diaca, alimshika mkono wa gauni akampeleka kwa injinia wa sola ili amuulizie kama jua linaweza kuzungusha jiwe la kusagia. Kabla jibu halijaisha alivutwa kwingine. Kwa saa nzima alikuwa kinywa cha watu hamsini. Hakuna aliyemuuliza yeye anafanya kazi gani, isipokuwa bwana mmoja aliyemuuliza maziwa ya chai yako wapi.

Baada ya sala ya adhuhuri na chakula, ilikuwa zamu ya Hermínio.

Hermínio alikuwa injinia wa mitambo, mtu wa miaka kama arobaini, mpole wa sauti, aliyetoka Maputo na mradi alioushughulikia kwa miaka mitatu. Mradi wake ulikuwa wa kujenga vyumba vya baridi vya nguvu ya jua kwenye vijiji vitatu vya pwani, na cha kwanza kingejengwa Quiterajo. Wahida aliposikia jina la kijiji chao kwenye spika aliinua sauti. Alitafsiri kwa furaha ya kweli, na ukumbi ukaisikia ile furaha sautini mwake.

Picha ya chumba ikatokea ukutani. Hermínio akaeleza: ukuta huu, mlango huu, sola hizi juu. Kisha akaonyesha mashine yenyewe, ile inayotoa joto nje, imekaa upande wa mashariki. Akasema wameielekeza baharini kwa makusudi, ili upepo wa bahari uipoze bure na mashine isile sana.

Wahida aliitazama ile picha. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ukalimani ulimi ulimgomea. Watu wakasubiri. Kisha akatafsiri kama ilivyosemwa, neno kwa neno: imetazama bahari ili upepo uipoze bure.

Katika safu ya tatu alikuwepo Bi Zubeida, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, muuza samaki wa Quiterajo ambaye hakuna aliyethubutu kumpunja kwenye mizani. Alikuwa amemjua Wahida tangu akiwa mtoto wa kukimbiza kunguru kwenye vichanja vya baba yake. Aliinua mkono, akasimama, akauliza mashine hiyo itaishi miaka mingapi.

Wahida akatafsiri. Hermínio akajibu kwamba kwa vipimo vyao ni miaka kumi na mitano. Wahida akaurudisha upande wa Kiswahili: miaka kumi na mitano. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini Bi Zubeida hakuketi. Alikuwa akimtazama usoni.

"Hayo ni yake," alisema Bi Zubeida. "Wewe uliyetengeneza friza yangu mara tatu, unasemaje?"

Waliojua Kiswahili walielewa kilichotokea, wenye Kireno walisubiri waambiwe. Wahida alisimama na kile kipaza sauti kimekuwa kizito. Sheria aliijua: haongezi, hapunguzi, hana maoni. Lakini sheria hiyohiyo ilimtaka asifiche swali lililoulizwa. Aligeuka upande wa mainjinia, akasema kwa Kireno, "Mama huyu anauliza mkalimani ana maoni gani."

Kicheko kikapita kwenye viti vya mbele. Wahida alimtazama Isabel, akidhani amekasirika. Isabel hakuwa akicheka. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu anayesema nenda.

Hermínio naye akanyoosha mkono kumwelekea Wahida. "Basi na mkalimani ajibu," alisema.

Wahida alianza kwa Kiswahili, kwa sababu aliyeuliza ni Bi Zubeida. Alisema mashine ile ikitazama bahari, haitamaliza mwaka. Halafu akakumbuka kwamba hakuna wa kumtafsiria. Akageuka upande wa pili, akajitafsiri mwenyewe kwa Kireno, sentensi ileile, kwa utaratibu uleule aliouzoea. Watu wakacheka tena, safari hii wote kwa pamoja, na kile kicheko kilimsaidia.

Akaeleza. Ghala la Mocímboa lilikuwa na mashine mbili, pacha, zimeshuka kwenye meli moja mwaka mmoja. Ya kwanza ilifungwa upande wa bandari, hatua sitini kutoka maji yanapojaa, kwa sababu hiyohiyo ya upepo. Ya pili ilifungwa nyuma ya ukuta, upande wa bara, kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi tena. Mwezi wa nne tangu zifungwe, ile ya mbele ilianza kufanya kazi saa ishirini kwa siku kupata baridi ambayo mwenzake aliipata kwa saa kumi na moja. Mwezi wa saba ikafa, imeliwa na chumvi ya bahari. Ile ya nyuma ilikuwa bado inafanya kazi siku watu walipoukimbia mji, na ilikuwa na miaka tisa.

Alisema nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kireno, akigeuka kushoto na kulia, na mara mbili alisahau amegeukia wapi akawapa mainjinia Kiswahili na wauza samaki Kireno. Wakamwonyesha kwa mikono ageuke.

Hermínio alikuwa amevua miwani. Hakuwa mtu wa kupenda kukosolewa, nani anapenda, lakini alikuwa injinia kweli, na mtu wa namna hiyo ukimpa namba hawezi kuzipuuza. Aliuliza alijuaje kwamba ni chumvi wala si gesi iliyovuja.

"Kwa sababu nilizifungua zote mbili," alisema Wahida. "Mabomba ya shaba yalikuwa mazima. Vile vijibati vyembamba vya alumini vinavyoyazunguka, ambavyo ndivyo vinavyotoa joto, nilivigusa vikavunjika mkononi kama biskuti. Kule nyuma vilikuwa vinang'aa."

Hermínio akauliza na hizo saa ishirini na kumi na moja amezitoa wapi. Wahida akasema alikuwa karani wa daftari la joto, aliandika kila baada ya saa mbili, kwa miaka tisa, na mwezi ule wa nne aliuandika kwa mkono wake.

Hermínio akageuka. Alirudi kwenye picha yake ukutani, akaitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza, kisha akatoa hoja yake ya mwisho, ambayo ilikuwa hoja nzuri. Alisema mashine ikiwekwa upande wa bara, nyuma ya ukuta, itakosa upepo, itapata joto, itakula umeme mwingi zaidi, na hesabu yote ya sola itavurugika.

"Ni kweli, itakula zaidi kidogo," alisema Wahida. "Ya upande wa bahari haitakula sana kwa miezi saba. Baada ya hapo haitakula tena kabisa."

Aliposema hivyo kwa Kiswahili upande mmoja wa ukumbi ukapiga makofi. Akatafsiri, na upande wa pili ukafuata. Hermínio alitabasamu bila kutaka, halafu akatabasamu kwa kutaka. Alichukua kalamu ya ubao, akashuka ngazi mbili za jukwaa, akamkabidhi. Kisha akavuta kiti cha safu ya mbele, akaketi kama wanafunzi wengine.

"Zimebaki dakika arobaini za muda wangu," alisema. "Chumba hiki ungekijenga vipi?"

Hapo ndipo Wahida alipokuwa injinia wa ukumbi mzima, ingawa yeye mwenyewe hakuliwaza hilo. Alichora ukuta ubaoni, akachora upepo wa kusi unavyopiga Quiterajo, akaonyesha pembe ambayo mashine ingejificha ipate hewa isipate mvuke wa chumvi. Akaongeza sola mbili. Akaongeza kipaa cha makuti juu ya mashine, kwa sababu kivuli hakina gharama. Akasema kila Ijumaa mtu mmoja aioshe kwa maji ya kisima, ndoo mbili, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Wachomeleaji walimuuliza juu ya kutu ya nati, akawajibu. Injinia mmoja wa Nacala akauliza juu ya kupaka vijibati rangi maalumu, Wahida akasema hajawahi kuijaribu, kama anayo ailete. Nurdine wa Diaca aliuliza kama chumba hicho kingeweza kuhifadhi mihogo, swali lililokuwa nje ya mada, na Wahida akampa jibu kamili.

Dakika arobaini zikawa sabini. Isabel aliacha ratiba iende inakotaka.

Waliposimama kwa chai ya mwisho, watu walimzunguka, na walikuwa wakimtafuta yeye. Injinia wa Nacala alisoma beji yake, akashangaa haina jina, akaomba aandikiwe. Hermínio alisubiri foleni kama wengine. Alimuuliza amesomea uinjinia chuo gani na mwaka gani. Wahida akamwambia hakusoma chuo kikuu, alisoma shule ya ufundi Pemba, akaajiriwa karani. Hermínio hakusema pole wala hakusema hongera. Aliomba namba yake ya simu, akaipiga papo hapo kuhakikisha inaita.

Wiki tatu baadaye mchoro mpya ulifika Mocímboa kwa bahasha. Mashine ilikuwa imehamia upande wa bara. Wahida aliutandika kwenye meza ya kibanda, Amido akaondoa pampu zake za baiskeli kupisha nafasi, na kwa siku mbili aliupitia na kalamu nyekundu. Alisahihisha mlango, uliofungukia ndani ukala nafasi ya makreti. Alisahihisha mtaro wa maji. Aliporudisha aliambatanisha karatasi yenye sababu za kila alama. Jibu la Hermínio lilikuwa fupi: amekubali yote isipokuwa moja, na hiyo moja wazungumze. Walizungumza saa nzima kwenye simu, na Wahida akashindwa, kwa sababu safari hiyo Hermínio ndiye aliyekuwa sahihi. Mkataba wa kazi uliofuata ulimtaja yeye kuwa fundi mkuu wa ufungaji Quiterajo. Amido aliusoma ule ukurasa mara tatu kwa sauti, akimsomea kila mteja aliyeleta baiskeli.

Chumba kilijengwa kati ya Juni na Septemba. Wahida alilala kwa Bi Zubeida muda wote huo, akisimamia wajenzi, na mashine ilipowasili aliifunga mwenyewe na wasaidizi wawili. Siku kilipowashwa kipimo kilianza digrii thelathini na moja. Baada ya saa tano kilikuwa mbili. Bi Zubeida aliingiza kreti la kwanza la samaki changu, akatoka, akaingia tena, akasema amekuja kuhakikisha tu kama bado ni baridi. Alifanya hivyo mara nne. Jioni ile wanawake wa Quiterajo walipiga vigelegele mpaka wajenzi waliokwenda kuoga wakarudi kuangalia kuna nini.

Kusi ikaja ikaondoka, mvua zikaja zikaondoka. Mwezi wa kumi na nne tangu chumba kiwashwe Hermínio alisafiri mwenyewe hadi Quiterajo, na tochi na kioo kidogo mfukoni. Alipiga magoti nyuma ya ukuta, akamulika katikati ya vijibati, upande huu, upande ule. Vilikuwa vinang'aa. Alikaa pale chini kwa muda, magoti yamejaa mchanga, akipiga picha moja baada ya nyingine, akiwatumia wenzake Maputo na Beira. Vyumba viwili vilivyobaki vilijengwa kwa mchoro wa Quiterajo.

Mwaka uliofuata ziara hiyo, siku ya mazungumzo ilifanyika Mocímboa da Praia. Kabla ratiba haijachapwa, Isabel alimpigia simu Wahida kuuliza jina lake liandikwe na cheo gani, kwa sababu wenzake kwenye chama walikuwa wakibishana. Wengine walitaka aitwe injinia wa heshima. Wahida akasema aandikwe fundi wa baridi, maana kazi hiyo anaifahamu na haoni inahitaji kupambwa. Ikaandikwa hivyo, nafasi ya kwanza asubuhi, saa nzima.

Alizungumza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tafsiri ya Kireno ilikuwa mikononi mwa dada mmoja wa Mueda aitwaye Yara, na Wahida alimpa nafasi ya kupumua kila baada ya sentensi mbili. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Amido alikaa safu ya pili na shati jipya, na kila Wahida alipotaja namba alimnong'oneza jirani yake kwamba namba hiyo ni ya kweli. Walipopiga makofi walisimama, mainjinia na wauza samaki, na waliendelea kwa muda mrefu hata Wahida akaona haya, akajifanya anakunja karatasi zake.

Hakupata kufika kwenye chai. Chini ya ngazi za jukwaa walikuwa wanamsubiri watu watatu wa ushirika wa wavuvi wa Tungue, mwenyekiti wao akiitwa Abdurrazaque, na mchoro mrefu uliokunjwa kwapani. Walikuwa wanataka kununua mtambo wa kutengeneza barafu, walisema, lakini wamekubaliana wasisaini kitu mpaka yeye auone. Wahida aliwaongoza kwenye meza ya dirishani kwenye mwanga, akaukunjua mchoro, akauwekea glasi za maji kwenye pembe usijikunje.

"Nianze kuuliza mimi," alisema. "Kusi kwenu inapiga ukuta upi?"